Kozi ya kupiga picha kwa mtu mzima hapa Kigoma: unachaguaje, na kwa nini wengi wanahitimu bado wako kwenye Auto?

#1 Kibirizi1
Wakuu salaam.

Hapa mjini, kuanzia Mwanga hadi Ujiji na kule Mwandiga, matangazo ya kozi za kupiga picha yamekuwa mengi. Ukiyachambua unapata aina nne: semina ya wikendi, kozi ya jioni ya miezi mitatu, "kukaa studio" bila ada mpaka mwenye studio aseme umeiva, na kozi za mtandaoni. Wanaoulizia wengi ni watu wazima wenye shughuli zao: mwalimu, nesi, mama wa saluni, muuza dagaa anayetaka mzigo wake uonekane vizuri mtandaoni.

Dai langu: chukua mhitimu wa kozi yoyote kati ya hizo, mwambie atoke kwenye Auto (kamera kuchagua kila kitu yenyewe), ampige bibi harusi aliyekaa chini ya turubai saa nane mchana. Wengi wanakwama palepale. Kosa ni la kozi, mwalimu, kamera au mwanafunzi? Na mwenye laki tatu mkononi achague kwa vigezo gani? Karibuni.

#2 Mgebuka Mkavu
Siti ya mbele. Wenye lenzi ndefu waje, sisi wa simu tunasoma.

#3 Fundi Flashi
Kosa ni la saa za kushika kamera. Tangazo linasema miezi mitatu, ukipiga hesabu ni siku mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila kipindi: jumla saa 36. Darasa likiwa na watu wanane na kamera moja, kila mmoja ataishika saa nne na nusu kwa kozi nzima, na hapo umeme haujakatika wala mwalimu hajafungua mdomo. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa uliza watu wangapi wanatumia kamera moja. Wawili inavumilika, mmoja anapiga mwenzake anakuwa modo, kisha wanabadilishana. Wanne tayari ni watazamaji.

Kipimo cha kuiva ni kimoja: jicho likiwa kwenye tundu la kuchungulia, mtu abadili shata (muda wa kuingiza mwanga), apacha (upana wa tundu la lenzi) na ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) kwa vidole bila kushusha kamera. Hilo halifundishiki ubaoni. Wiki ya kwanza iwe shata tu. Bodaboda ipite, uifuate na kamera kwa 1/30 ya sekunde mpaka dereva atulie na nyuma pavutike, kisha uigandishe kwa 1/500. Wiki ya pili apacha tu. Wanaofundisha pembetatu yote ya mwanga, yaani vyote vitatu, siku ya kwanza ndio wanaotuzalishia watu wa Auto.

#4 Dada Fokasi
Fundi, saa 36 bila kusahihishwa ni saa 36 za kurudia kosa. Angalia picha zinakaguliwaje. Kwenye kozi nyingi mwanafunzi anatuma kazi kwenye grupu la WhatsApp, mwalimu anajibu "safi sana" na kidole gumba. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inapunguzwa hadi takriban pikseli 1600 upande mrefu, na taarifa zake za ndani zinafutwa. Mwalimu haoni kama fokasi imekaa kwenye jicho au sikio, wala hajui ulitumia 1/60 au 1/250. Anabaki kusifia rangi. Kazi itumwe kama dokumenti, ibaki na ukubwa wake na taarifa zake, halafu ikuzwe asilimia 100 ndipo isemwe.

Kabla ya kujiunga omba kukaa kwenye kipindi kimoja cha ukaguzi. Ukisikia "hii imetoka poa" na hakuna zaidi, ondoka. Ukisikia "mkono umetikisika, ona kila kitu kimevutwa upande mmoja, ungepandisha shata toka 1/60 hadi 1/125 na ISO toka 400 hadi 800", hapo toa pesa.

#5 Mzee wa Chumba Cheusi
Wanangu, mbona mnaruka namba tatu ya mleta mada? Kukaa studio kunafundisha vipimo, na vipimo ndivyo vinavyoleta ugali. Pasipoti saizi ya milimita 35 kwa 45 si sawa na picha ya viza ya Marekani, ambayo ni 51 kwa 51, nyuma peupe, kichwa toka kidevu hadi utosi kiwe kati ya milimita 25 na 35, na miwani hairuhusiwi tangu mwishoni mwa 2016. Mteja akikataliwa kule anarudi kwako kudai hela yake.

Halafu kuna kiti. Kikae mita moja na nusu mbele ya pazia, si kuegemea pazia. Ukikisogeza nyuma, kivuli cha masikio kinaanguka ukutani na hakuna kuediti kutakakokiondoa vizuri. Mtoto wa studio anajua hilo ndani ya wiki. Wa semina ya wikendi hatajua hata mwaka ukiisha.

#6 Fundi Flashi
Shikamoo mzee. Nakubali ya kiti. Ila taa za studio nyingi hazihami: miamvuli miwili, kila upande mmoja, zimefungwa tangu studio ifunguliwe. Kamera nayo iko kwenye apacha f/8, shata 1/125, ISO 100, Jumatatu mpaka Jumapili. Mwanafunzi anakariri namba tatu tu. Mtoe nje chini ya mwembe wa Ujiji, hana pa kuanzia. Tena miezi ya mwanzo kazi yake ni kukata picha, kufagia na kupeleka albamu kwa wateja.

#7 Mgebuka Mkavu
Na kununua vocha ya bosi. Usisahau vocha.

#8 Mzee wa Chumba Cheusi
Marahaba. Ndiyo maana mnaandikishana mapema: mwezi wa kwanza kukata na kusafisha picha, wa pili kupiga pasipoti, wa tatu kuwa kamera ya pili kwenye sherehe. Akikataa kuandika, huyo anatafuta kibarua wa bure.

#9 Bando la Usiku
Mnazunguka bure, mtandaoni kuna walimu ambao hapa hutawapata kwa bei yoyote. Marc Levoy, aliyekuwa profesa Stanford, aliweka mihadhara yake 18 ya upigaji picha wa kidijiti bure mwaka 2016. Anaanza na lenzi, sensa (kipokea mwanga cha kamera), kelele za ISO (chenga kwenye picha), rangi, mpaka hesabu zenyewe. Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kina mfululizo wa kozi pale Coursera, tovuti ya masomo, unaanzia simu mpaka kamera kubwa, na unaweza kuomba msaada wa ada. MoMA, jumba la sanaa la New York, ina kozi ya kusoma picha, humohumo Coursera.

Gharama ni bando. Video ya saa moja kwa ubora wa 480p inakula karibu nusu GB, kwa 1080p inaweza kufika GB mbili au tatu. Shusha usiku kwa 480p, utaona kila kitu isipokuwa wanapolinganisha kelele za ISO, hapo tu pandisha. Asiyetaka video, tovuti ya Cambridge in Colour ina masomo ya maandishi na michoro, bando dogo sana. Na usipande shata hovyo ukumbini, wale walimu wanasema kaa 1/60 au 1/125 ili taa zisilete michirizi.

#10 Ipuli Tabora
Bando, hapo mwishoni ndipo kozi ya nje inapomharibu mtu wa huku. Hiyo 1/60 na 1/125 ni ya Marekani, umeme wao ni hezi 60, taa zinapepesa mara 120 kwa sekunde. Wetu ni hezi 50, zinapepesa mara 100. Chini ya taa za LED za bei poa au zile ndefu za mrija, shata yako iwe 1/50 au 1/100. Ukikaa 1/125 unapata picha moja ya njano, inayofuata ya kijani, nyingine ina ukanda wa giza kidogo katikati, na hakuna hata moja inayofanana na jirani yake. Ukienda 1/500 ndiyo kabisa. Kwa simu, ingia kwenye mipangilio ya kamera utafute kipengele cha kuzuia kupepesa, weka hezi 50.

Mwalimu wa mtandaoni hajakosea, anaongea na watu wa kwao. Ila mwanafunzi anafuata kama alivyosikia, picha zinaharibika, anarudi Auto.

#11 Bando la Usiku
Mstari mmoja kwenye mihadhara 18 haufanyi iwe mibaya. Nani hapa mjini anaeleza kwa nini ISO 3200 ina chenga?

#12 Jua la Magharibi
Ongezeni na saa. Kozi zote, za nje na za Dar, zinasema epuka saa nne hadi saa nane, kisha subiri mwanga mzuri saa kumi na moja. Kigoma tuko karibu longitudo 29.6 mashariki, saa zetu ni za longitudo 45. Kwa hiyo jua letu linafika utosini karibu saa saba mchana, si saa sita. Mwanga mkali unaanza saa tano na unaendelea mpaka saa tisa na zaidi. Linazama karibu saa moja jioni, mwezi wa pili hata saa moja na dakika ishirini, takriban dakika 40 baada ya Dar. Ukimpeleka bibi harusi ufukweni saa kumi na moja kwa sababu kozi ilisema, utapata makunyanzi na vivuli machoni. Mpeleke saa kumi na mbili na robo. Milima ya Kongo nayo inalimeza jua dakika kadhaa mapema, kwa hiyo usijivutevute.

Jambo la pili, ziwa liko magharibi. Jioni ukimpanga mtu ziwa likiwa nyuma yake, jua liko mgongoni kwake na uso ni giza. Unahitaji flashi au ukubali kivuli chake tu. Asubuhi ni kinyume, jua linatoka nchi kavu nyuma yako, maji yanakaa bluu na uso unapata mwanga. Kozi ya hapa isiyotoka nje asubuhi hata mara moja imekula ada bure.

#13 Mwalimu Mstaafu
Nimesoma wote, hakuna aliyemgusa mtu mzima mwenyewe. Umri ukishapita miaka 40 macho ya karibu yanapungua. Mwanafunzi anachungulia, anaona ukungu, anadhani lenzi mbovu au yeye hawezi. Pembeni ya tundu la kuchungulia kuna kigurudumu kidogo cha diopta, mara nyingi kina alama za kujumlisha na kutoa. Toa lenzi kwenye mawazo kabisa, angalia zile namba za kijani ndani ya tundu upande wa chini au vinukta vya fokasi, zungusha mpaka namba zikae kali. Basi. Hilo ni somo la dakika mbili, lifanyike siku ya kwanza kabla ya jambo jingine lolote. Kamera ikishirikiwa, kila anayeipokea azungushe upya. Watu wazima wengi wanatumia kioo cha nyuma kwa sababu tundu halijarekebishwa kwao, na kioo hicho juani hakionekani, ndipo wanapoacha kamera ichague yenyewe.

Jingine, mtu mzima anaona aibu ya sehemu za mashata, 1/60 na 1/250 ipi kubwa. Mwalimu asicheke. Aseme sehemu moja ya 60 ya sekunde ni ndefu, sehemu moja ya 250 ni fupi, aendelee.

#14 Dada Fokasi
Mwalimu shikamoo. Hiyo ya diopta nainakili kama ilivyo.

#15 Kasulu Kwetu
Sababu halisi haijatajwa. Kamera zimetengenezwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Ndiyo maana kozi za nje zinashindwa kwetu, ngozi nyeusi inatoka ama jivu ama giza. Hakuna kozi itakayorekebisha kiwanda.

#16 Ipuli Tabora
Kasulu Kwetu, punguza kidogo. Zamani ya filamu una hoja, kadi za kupimia rangi maabara za Kodak zilikuwa na mwanamke mzungu. Sensa ya leo inahesabu mwanga tu. Tatizo ni mita, kile kipima mwanga. Mita ya kamera inadhani kila kitu mbele yake ni kijivu cha kati, asilimia 18 hivi. Shela jeupe likijaza fremu, kamera inalishusha liwe kijivu, na uso wa bibi harusi unazama humohumo. Suti nyeusi ikijaza fremu, kamera inapandisha mwanga, suti inakuwa ya jivu. Tiba ni fidia ya mwanga: shela, jumlisha 1 hadi 1.7. Suti nyeusi, toa 1. Au pima kwa doa, lenga shavuni, funga.

Mfano uko hapahapa Kigoma: mpiga picha Hugo van Lawick alikuja Gombe mwaka 1962 kupiga sokwe. Mnyama mweusi, msitu mweusi, mwanga unadondoka vipande vipande toka kwenye majani. Ukiiachia kamera ichague yenyewe, sokwe anakuwa kijivu na majani yanaungua. Swali hili ndilo la kumpima mwalimu kabla ya kulipa: "Nikiwa kwenye A (apacha nachagua mimi, shata inachagua kamera), bibi harusi akajaza fremu, halafu bwana harusi akajaza fremu, picha zitatoka vipi?" Akijibu "inategemea kamera", mshukuru uende zako.

#17 Kasulu Kwetu
Na zile simu zinazosafisha sura bila kuulizwa je? Hiyo si mita, hiyo ni kiwanda. Bado nimesimama palepale.

#18 Mchumi wa Send-off
Mnaongea kama mteja anajua apacha. Mteja wa Kigoma analipia vitu vitatu: picha zifike kesho, sura iwe laini, albamu iwe nene. Auto pamoja na flashi ya juu inampa vyote. Mhitimu anarudi Auto kwa sababu soko halimlipi kutoka huko. Mpe oda ambayo Auto inashindwa, atajifunza kwa wiki. Kwa hiyo kozi ya kuchagua ni ile inayokupeleka kwenye sherehe halisi kama kamera ya pili, na inayofundisha bei, malipo ya awali na kuhifadhi kazi. Kadi mbili, nakala kwenye diski mbili, moja ikae nyumba nyingine. Kadi isifutwe mpaka albamu ikabidhiwe, na ikifutwa ifomatiwe ndani ya kamera, si kwenye kompyuta. Nani anafundisha haya?

#19 Fundi Flashi
Mchumi, Auto inashindwa kila Jumamosi, ni vile watu wamezoea. Narudi kwenye swali la #1, turubai saa nane.

Nje ya turubai jua kali: kwa ISO 100 na 1/200, apacha sahihi ni kama f/11. Chini ya turubai ni giza kwa stopu tatu hadi nne (kila stopu ni mwanga kupungua nusu). Auto inachagua mmoja: ama bibi harusi anaonekana na nyuma panakuwa karatasi nyeupe, ama nyuma panapendeza na yeye ni kivuli. Njia ya bure: msogeze ukingoni mwa turubai, ndani ya kivuli, uso utazame nje, wewe simama nje na mgongo wake uwe kwenye giza la ndani. Pima usoni, umemaliza.

Akiwa hawezi kuhama, weka M (unapanga kila kitu mwenyewe), ISO 100, 1/200, f/8. Nyuma patazidi stopu moja tu, panavumilika. Flashi yenye namba ya nguvu (guide number) 40, gawa 40 kwa 8 ya apacha, inafika mita 5 ikielekezwa moja kwa moja. Ukiitoa kwenye kamera na kuiweka kwenye mwamvuli unapoteza kama stopu mbili, basi isogee mita 2.5. Usipandishe shata zaidi ya kikomo cha kamera yako na flashi, 1/200 au 1/250, la sivyo ukanda mweusi unatokea upande mmoja wa picha. Hii ndiyo mtihani wa mwisho ninaoupendekeza kwa kozi yoyote. Dakika kumi, turubai, mtu mmoja, flashi moja.

#20 Mzee wa Chumba Cheusi
Umesahau rangi ya turubai. Likiwa la bluu, uso unakuwa wa maiti. Jekundu, kila mtu amelewa. Piga RAW (faili ghafi la kamera), na kabla ya shughuli mpige mtu akishika kadi ya kijivu chini ya turubai hilohilo, uweke mizania ya weupe kwa kadi. Ukichanganya flashi nyeupe na turubai la bluu, uso utakuwa na rangi sahihi lakini pembeni mwa shingo patabaki bluu, kwa hiyo flashi izidi nguvu ya mwanga wa turubai. Na usielekeze flashi juu ukitegemea mwanga urudi, kitambaa cha rangi kinarudisha rangi yake. Ukumbi usio na siling'i, mabati mita sita juu, mwanga haurudi kabisa.

#21 Mgebuka Mkavu
"Uso wa maiti, kila mtu amelewa." Mzee leo umetuvunja mbavu. Kwa hiyo harusi za mjomba wangu wote walikuwa chini ya turubai jekundu?

#22 Kibirizi1
Asanteni sana, uzi umenoga. Mambo mawili bado: cheti, na kamera ya mtumba ya kujifunzia. Kozi zinasema njoo na kamera yako.

#23 Sauti ya Mwandiga
Cheti: uliza kama chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na kozi yenyewe iko kwenye usajili huo, maana chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa ushonaji tu. Vyeti vya ufundi stadi vina ngazi ya I hadi III, tangazo likitaja ngazi muulize ni ngazi ipi na nani anatunga mtihani. Cheti cha studio kina maana pale jina la studio linapojulikana, basi. Anayetaka kazi ya serikali au shirika anakihitaji cha kwanza, anayetaka sherehe hakihitaji chochote.

Soma pia fomu ya kujiunga. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 picha ni kazi yenye hakimiliki, na fomu nyingine zinachukua haki ya picha zote za mwanafunzi kimyakimya. Na tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, darasa linalopiga watu sokoni na kurusha sura zao kwenye ukurasa wa studio bila ridhaa linajitafutia kesi. Droni ndiyo kabisa, TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) kwanza, na ukitaka kuirusha Gombe au Mahale ongeza kibali cha TANAPA.

#24 Ipuli Tabora
Kamera ya mtumba. Uliza idadi ya shata, na kwa kamera zinazoiandika, kama Nikon, itoe kwenye taarifa za picha aliyoipiga leo mbele yako. Nikon D7000 shata yake imepimwa kwa mapigo 150,000, nyingi za bei ya chini yake ni 100,000. Ikishapita hapo haifi siku hiyo, ila bei ishuke.

Kisha weka f/16, ISO 100, lenga anga au ukuta mweupe, ondoa fokasi makusudi, piga. Kuza picha. Madoa ya duara ya kijivu ni vumbi la sensa, kiangazi chetu hakikosi. Machache yanapulizwa kwa bloa ya mpira, kamera ikitazama chini, kamwe usipulize kwa mdomo. Lenzi imulike kwa tochi ya simu toka nyuma. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, inapenda unyevu wa karibu na ziwa, achana nayo hata kama ni bei ya kutupa. Ihifadhi yako kwenye kontena linalofunga na vipakiti vya silika.

Memori kadi ijaze yote na programu ya H2testw. Zipo zilizoandikwa GB 64 na ndani ni 8, picha za mwanzo zinaonekana, za keki zote zimeharibika.

Lenzi ya kuanzia ni ya milimita 50, f/1.8. Kwa kamera zenye sensa ndogo inaona kama 80 kwa Canon na kama 75 kwa Nikon na Sony, safi kwa sura, finyu kwa vyumba vyetu. Ukiifungua f/1.8 kwa mita mbili, kina cha ukali ni sentimita kumi na kitu tu: jicho kali, sikio halipo. Kundi la safu tatu, f/8.

#25 Mgebuka Mkavu
Na sisi wa simu? Kuna mama hapa Katonga anauza dagaa na migebuka ya moshi, picha zake zinafukuza wateja.

#26 Dada Fokasi
Huyo asilipe laki tatu. Semina ya wikendi inamtosha, mradi iwe ya bidhaa. Afute kioo cha kamera ya simu kwa kitambaa safi, kina mawese ya vidole. Meza mlangoni, mwanga uje upande, si jua la moja kwa moja. Dagaa wanang'aa, kwa hiyo kitambaa chepesi cheupe kitundikwe mlangoni kulainisha mwanga, na karatasi nyeupe upande wa pili irudishe kidogo. Migebuka ya moshi ni kinyume, ni myeusi, aiondoe ile karatasi ili makunyanzi ya ngozi yaonekane. Kamera iwe kwenye 2x, asitumie ile pana inayovimbisha kichwa cha samaki. Abonyeze na kushikilia samaki hadi fokasi ijifunge, ashushe mwanga kidogo kwa kidole mpaka weupe usiungue. Snapseed ni bure, anyooshe picha na kurekebisha weupe, vichujio aviache.

#27 Mchumi wa Send-off
Si mmeona? Mama ana haja, somo dogo, picha zinauza. Kozi ndefu ni ya nini?

#28 Fundi Flashi
Mama hana bibi harusi anayetembea, Mchumi. Samaki wake wametulia.

#29 Bando la Usiku
Na hayo yote aliyoandika Dada Fokasi yako mtandaoni bure.

#30 Dada Fokasi
Yako. Nani atamwambia karatasi nyeupe ameiweka upande mbaya?

#31 Mwalimu Mstaafu
Kibirizi1, ukishapata majina ya kozi mbili tatu usiweke hapa uvumi, uliza kila moja maswali haya kwa maandishi: watu kwa kamera, saa za nje, ukaguzi unafanyikaje, na umeme ukikatika kipindi kinafidiwa lini. Omba na picha za wanafunzi wa darasa lililopita, tano za wiki ya kwanza na tano za wiki ya mwisho za mtu yuleyule. Picha za mwalimu ukutani hazihusiki. Leta majibu, wajumbe wayachambue.

#32 Kibirizi1
Sawa mwalimu. Jumatatu naanza na ya Mwanga, imeniambia watu sita kwa kamera mbili na Jumamosi mbili nje. Ya Ujiji bado hawajajibu la ukaguzi.